Bahati ya Kuzaliwa 1975

California gari huhukumiwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Si kwa moshi linaotoa, si kwa umbali linaotembea, si kwa tabia ya mwenyewe. Chukua Chevrolet Nova mbili, moja ya modeli ya 1975 na nyingine ya 1976, uziegeshe pamoja. Mtu asiye fundi hawezi kukuambia ipi ni ipi. Lakini ile ya 1975 haipelekwi tena kupimwa moshi, maisha yake yote. Ile ya 1976 itapimwa kila baada ya miaka miwili mpaka siku itakayogeuzwa chuma chakavu.

Kama umewahi kuagiza gari kupitia Mombasa, hadithi hii si ngeni kwako. Kenya nayo ina mstari wake: miaka minane. Gari likipitisha hapo haliingii, hata kama lilikuwa la nyanya mmoja wa Yokohama aliyelitumia kwenda sokoni Jumamosi tu. Tofauti ni mahali mstari unapokata. Sisi tunawafungia wazee nje. California imewasamehe wazee kabisa, halafu ikawabana wadogo zao waliofuata.

Langu limesamehewa. Ni Mercury Comet ya 1975, milango minne, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, injini ya Ford ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Nililinunua kwa dola 1,900 hapa San Bernardino, mwendo wa saa moja mashariki mwa Los Angeles barabara ikiwa wazi, na huwa haiko wazi. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu aliyetaka tu nafasi ya gereji yake irudi. Mimi nafanya kazi kwenye ghala, zamu ya usiku, kama watu wengi wa huku, na nilikuwa nimetafuta kwa miezi gari la Kimarekani la zamani ambalo mshahara wangu ungeweza kulibeba. Mustang ya 1967, sahau. Camaro, sahau. Hata gari bovu la aina hiyo, lenye panya ndani na mti umeota katikati ya bampa, mtu anakutajia bei ya ploti ya Kitengela.

Nilipompigia mjomba wangu kumweleza, alicheka kwanza.

"Wewe, umevuka bahari yote hiyo ukanunue gari ya miaka hamsini?"

"Ni Mercury Comet, Mjomba."

Kimya. Halafu: "Comet? Zile za Safari?"

Nilikuwa sijui kwamba anajua. Pasaka ya 1964, miezi michache tu baada ya uhuru, Ford ya Marekani ilileta timu nzima ya Mercury Comet kwenye East African Safari. Yalikuwa magari ya V8, na yalikuja na mafundi na pesa za kutosha. Matope yalifanya kazi yake, na Comet nyingi hazikumaliza mbio. Mshindi alikuwa Ford vilevile, lakini Cortina GT ndogo iliyoundwa Uingereza, ikiendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Mjomba alikuwa na miaka tisa, amesimama kando ya barabara huko Rift Valley, na anachokumbuka ni mlio.

"Ilikuwa inanguruma hadi unaisikia kifuani," akasema. "Yako inanguruma?"

"Hapana, Mjomba. Yangu inakohoa."

Kikohozi hicho hakikuletwa na uzee. Comet yangu ilianza kukohoa siku ilipotoka kiwandani, na ndicho kikohozi kilichofanya niweze kuinunua.

Tarehe 26 Julai 1943, katikati ya vita vya dunia, Los Angeles ilifunikwa na wingu lililowasha macho na koo vibaya kiasi kwamba watu walidhani Wajapani wamerusha gesi ya sumu. Lawama zikaelekezwa kwa kiwanda kimoja cha mjini kilichotengeneza kemikali ya mpira bandia. Kikafungwa kwa muda. Wingu likabaki palepale.

Jibu lilikuja kutoka kwa mtu aliyekuwa akichunguza harufu ya nanasi. Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika chuo cha Caltech mjini Pasadena, aliacha mananasi akaanza kunasa hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua vizuri, ukikutana na gesi za nitrojeni na jua kali la California, huzaa ozoni. Ozoni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikipasua mipira ya magari ya Los Angeles mapema kuliko kwingine. Watu wa biashara ya mafuta walimpinga, wakatafuta watafiti wao. Hakubadilika. Wingu lile, smogi, halikuwa ukungu wala moshi wa kiwanda kimoja. Lilikuwa pumzi ya mamilioni ya magari iliyopikwa na jua.

Sheria zilianza polepole. Mwaka 1961 magari mapya California yalitakiwa kuwa na valvu ndogo inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue tena badala ya kuachwa utoke nje. Mwaka 1966 jimbo likaweka viwango vya kwanza vya kinachotoka kwenye eksozi. Mwaka 1967 gavana Ronald Reagan akatia sahihi sheria iliyounda bodi ya hewa ya California, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Siku ya mwisho ya 1970, Richard Nixon akatia sahihi sheria ya hewa safi ya nchi nzima. Naam, Reagan na Nixon, Warepublican wote wawili. Nyakati hubadilika. Sheria ya Nixon iliwaambia watengenezaji wa magari wapunguze sumu kuu mbili za eksozi kwa asilimia 90 ifikapo modeli ya 1975.

Watengenezaji wakalia. Walisema haiwezekani, walisema viwanda vitafungwa, wakaongezewa muda kidogo. Huku wakilia, wahandisi wao walikuwa wakifunga viraka. Injini zilizokuwa zimebuniwa kwa ajili ya nguvu zilivalishwa vifaa kama mgonjwa wa wodini. Pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda, Ford waliiita Thermactor, ikipuliza hewa kwenye eksozi ili mafuta yaliyobaki yaungue huko. Valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupoza moto. Mipira myembamba ya upepo, kila mmoja unaenda kwa kidude chake, na ukikatika mmoja gari zima linasusa. Mchanganyiko wa kabureta ukapunguzwa mafuta, cheche ikacheleweshwa. Matokeo ni gari linalosita ukikanyaga mafuta kwenye taa za barabarani, na ukizima ufunguo injini inaendelea kutikisika sekunde kadhaa kama mtu aliyekatizwa hotuba.

Kisha, kwa modeli za 1975, kikaja kile kifaa cha eksozi ambacho mafundi wa Kirinyaga Road wanakiita katalitiki. Ndani yake mna platini na ndugu zake, madini yanayogeuza sumu kuwa gesi nafuu bila yenyewe kuisha. Ndiyo maana kinaibwa usiku. Lakini kina adui mmoja: madini ya risasi, yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920 ili injini isigonge. Matangi machache ya petroli ya risasi na katalitiki imekufa. Kwa hiyo serikali ikalazimisha vituo viuze petroli isiyo na risasi kuanzia 1974, na magari mapya yakawekewa tundu jembamba la tangi ili bomba nene la petroli ya zamani lisiingie.

Hapa hadithi inapita nyumbani. Kazi ya kuiondoa petroli ya risasi duniani kote iliratibiwa kutoka Gigiri, kwenye ofisi za UNEP. Kenya iliachana nayo mwishoni mwa 2005. Tarehe 30 Agosti 2021 UNEP walitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho, imemaliza akiba yake. Yaani ule uamuzi wa kulinda kifaa cha eksozi cha magari ya Kimarekani ya 1975 ulichukua karibu miaka hamsini kufika kila pembe ya dunia, na njiani ukaokoa akili za watoto wasiohesabika, kwa sababu risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Nikisikia mpenzi wa magari akisema serikali iliua gari la Kimarekani, huwa namkumbusha hilo. Hapendi.

Lakini tuseme ukweli wake pia. Magari yalikuwa mabaya. Cadillac Eldorado ya 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 400 kutoka injini ya cc 8,200. Mwaka 1976, injini ya ukubwa uleule: farasi 190. Sehemu ya anguko hilo ni hesabu tu, maana tangu 1972 walianza kupima injini ikiwa imefungwa mikanda na eksozi yake yote, kama inavyokaa kwenye gari. Sehemu iliyobaki ni anguko kweli. Corvette ya kawaida ya 1975, gari la kujionyesha la Marekani, ilikuwa na farasi 165. Comet yangu haifiki 100. Ongeza mgomo wa mafuta wa Waarabu mwaka 1973, ongeza kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, ongeza mabampa mazito ya chuma yaliyolazimishwa na sheria ya usalama mpaka gari likaonekana limevaa viunga vya meno. Wapenzi wa magari wamekipa kipindi hicho jina la unyong'onyevu, kutokana na hotuba ya Jimmy Carter ya Julai 1979, hotuba ambayo neno hilo halimo.

Hayo ndiyo magari yaliyodharauliwa. Vijana waliokua miaka ya 1960 walipopata pesa, walinunua ndoto zao za 1960. Hakuna aliyelala akiota Mercury Comet ya milango minne. Hapa Marekani milango miwili ya ziada inakushushia bei vibaya sana, jambo linalomshangaza Mwafrika yeyote anayejua faida ya mlango wa nyuma. Kuna AMC Pacer, iliyoanza 1975, nono kama samaki wa bwawa, mlango wa abiria mrefu kuliko wa dereva. Ilichekwa miaka mingi. Kuna Ford Granada, Plymouth Valiant, Dodge Dart za mwisho. Yalitengenezwa kwa wingi mno kuwa adimu na kwa ubaya mno kuwa matamu, kwa hiyo bei ikakaa chini, na hapo chini ndipo sisi tunapoishi.

Na kama huamini kwamba soko lina utani, mtazame Eldorado ya 1976. Cadillac walitangaza kwamba ndiyo gari la mwisho la Kimarekani la paa la kukunja. Watu wakanunua magari 14,000, wengine wakayafungia gerejini kama hati za hazina. Mwaka 1984 Cadillac wakaunda tena Eldorado ya paa la kukunja. Walionunua wakaenda mahakamani. Na kwa California, juu ya yote, gari lao lilizaliwa mwaka mmoja upande mbaya wa mstari.

Mstari wenyewe ulichorwa hivi. Upimaji wa moshi wa kila miaka miwili ulianza California mwaka 1984. Mwaka 1997, baada ya wapenzi wa magari ya zamani kubisha hodi Sacramento kwa muda mrefu, ikapitishwa sheria kwamba gari likifika miaka 30 linasamehewa. Kila mwaka kundi jipya lingevuka: 1974, kisha 1975, kisha 1976, kama watoto wanaopanda darasa. Halafu mwaka 2004 wabunge wakaona hatari, kwamba magari yale yanatoa uchafu mwingi kuliko mapya na kila mwaka msamaha unaongezeka. Wakausimamisha mlango. Arnold Schwarzenegger, gavana aliyejulikana kwa Hummer zake, akatia sahihi. Kuanzia 2005, 1975 na nyuma wamepita. 1976 na mbele, kamwe.

Angalia kejeli iliyomo. Gari la 1965 lisilo na kifaa chochote, linalomwaga uchafu kama jiko la mkaa, halipimwi. Gari la 1985 lenye katalitiki na kompyuta ndogo, safi mara kadhaa kuliko lile, likikosea kidogo halipati leseni ya barabara. Hoja ya wabunge ni kwamba yale ya zamani sana yamebaki machache na hayatembei mbali. Sawa. Lakini machache hayo ni ya nani? Anayeweza kuweka gari la 1965 gerejini na kulitoa Jumapili ana gari lingine la Jumatatu. Mwenye gari la 1985 mara nyingi hana lingine.

Jirani yangu anaijua sheria hii kwa mwili wake. Ni Mmarekani wa asili ya Meksiko, amezaliwa mtaa huuhuu, na baba yake alikuwa mtu wa magari ya kushusha chini: Impala ya 1964, rangi za kumeta, mitambo ya haidroli ya kuinua na kudondosha. Utamaduni huo nao ulizaliwa na umaskini na sheria. Vijana wa Kimeksiko walinunua magari makuukuu kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo kwa bei yao, wakayashusha mpaka yakakaribia lami. Mwaka 1958 jimbo likapiga marufuku gari lililoshuka kuliko rimu zake. Wao wakafunga haidroli: ukiona polisi, bonyeza, gari linapanda, uko ndani ya sheria. Miji mingi ikapiga marufuku hata kule kuendesha polepole kwa maringo, na marufuku hizo zilifutwa kwa sheria ya jimbo kuanzia Januari 2024 tu.

Baba yake aliuza ile Impala miaka ya 1980 kulipa kodi ya nyumba. Leo mwana hawezi kuinunua tena, bei imeshaenda kwa matajiri. Kwa hiyo yeye ana Oldsmobile Cutlass Supreme ya 1979. Cutlass ndilo lililokuwa gari lililouzwa zaidi Marekani mwaka 1976, gari la mwalimu na la karani, na vijana waliofungiwa nje ya Impala wamelihamia kwa wingi. Ni zuri, kusema kweli. Pua ndefu, kiti cha mbele kama kochi.

Mwaka juzi likapelekwa kupimwa. Liliwekwa juu ya roli, mrija ukaingizwa kwenye eksozi, likakimbizwa papo hapo. Namba zikatoka safi, chini ya kikomo. Halafu fundi akafungua boneti na karatasi yake. Kwa magari haya kupima hewa ni nusu tu ya mtihani. Nusu nyingine ni macho: kila kifaa kilichofungwa kiwandani 1979 lazima kiwepo, au kiwe kingine chenye namba ya idhini ya bodi ya hewa. Valvu moja ya pampu ya hewa ilikuwa imebadilishwa na mmiliki fulani zamani, kitu kisichokuwa na idhini. Amefeli.

"Lakini moshi umepita," jirani akasema.

"Moshi umepita. Valvu haijapita."

Valvu ile haitengenezwi tena. Alitafuta miezi minne. Alipiga simu makaburi ya magari mpaka Nevada. Alipata moja, imeoza. Jimbo lenyewe lina njia ya kukusaidia ukifeli: linakulipa zaidi ya dola elfu moja ulipeleke gari likasagwe. Ni msaada wa kweli kwa mtu aliyechoka na gari lake. Kwa mtu anayelipenda ni kama daktari kukupa punguzo la jeneza.

Kusaga si jambo geni huku. Mwaka 1990 kampuni ya mafuta ya Unocal ilinunua zaidi ya magari 8,000 ya kabla ya 1971 kusini mwa California, dola 700 kila moja, ikayasaga, kama mchango wake kwa hewa ya jimbo. Ilikuwa rahisi kuliko kusafisha kiwanda cha mafuta. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ililipa hadi dola 4,500 kwa kila gari linalokunywa mafuta sana, mradi liwe chini ya miaka 25, na karibu magari 680,000 yakaenda. Ili injini isirudi barabarani, fundi alimwaga oili, akatia kimiminika cha silika ya sodiamu, akawasha mpaka vyuma vikashikana. Miaka mingi baadaye ukitafuta mtambo wa bei nafuu wa kurudishia uhai gari la miaka ya 1980 unajua ulikoenda.

Nisieleweke vibaya, sisimami upande wa moshi. Binti yangu ana pumu. San Bernardino iko mwisho wa njia ya hewa: mchana upepo wa bahari unasukuma uchafu wote wa Los Angeles kuelekea kwetu, unagonga milima, unakaa. Kaunti yetu huongoza Marekani kwa ozoni mwaka baada ya mwaka. Juu ya hapo kuna maghala, likiwemo ninalofanyia kazi, na malori ya dizeli yanayotoka bandari za Los Angeles na Long Beach mchana na usiku yakileta viatu na simu. Siku za joto shule inatuma ujumbe watoto wasicheze nje. Bila sheria zile hali ingekuwa ya kutisha. Gari jipya la leo hutoa karibu asilimia moja tu ya sumu za eksozi zilizotoka kwenye gari la miaka ya 1960, na hilo halikuja kwa hiari ya kampuni yoyote.

Kwa hiyo Comet yangu bado ina pampu yake ya hewa. Msamaha wa kutopimwa si ruhusa ya kung'oa. Kisheria vifaa vinatakiwa vibaki hata kwenye gari la 1975, ila hakuna anayekuja kukagua. Kila kijana niliyemfungulia boneti ameniambia kitu kilekile: toa hiyo takataka, utapata nguvu. Nimebadilisha mipira yote ya upepo, maana petroli na joto huila, nikasafisha kabureta mara tatu, nikarekebisha cheche kwa kibandiko kilichobaki chini ya boneti tangu 1975, chenye maelekezo bado yanasomeka. Inawaka asubuhi. Kwenye taa za barabarani inasita kidogo, halafu inaenda. Naiendesha wikendi tu, na binti yangu anakaa nyuma kwa sababu nyuma kuna milango.

Mwaka 2025 mswada mmoja ulifika Sacramento, ukipigiwa debe na Jay Leno, mchekeshaji wa televisheni mwenye gereji iliyojaa magari ya thamani. Ulipendekeza kusamehe magari yenye miaka 35 na zaidi, mradi yawe na bima maalum ya magari ya kumbukumbu. Bima ya aina hiyo kwa kawaida hutaka uwe na gari lingine la kila siku. Hata ungepita, yule mwenye gari moja la 1985 angebaki nje ya mlango. Haukupita. Ulizimwa Agosti kwenye kamati ya fedha ya bunge.

Jirani alisubiri uamuzi huo. Ulipotoka, akaiweka Cutlass sokoni. Hapa hapakuwa na mteja, maana kila mtu anayejua magari huuliza kwanza cheti cha moshi. Ikanunuliwa na mtu wa Tampa. Florida iliacha kupima magari mwaka 2000. Trela ilikuja Jumanne asubuhi, dereva akavuta minyororo, akatia sahihi, akaenda.

Wiki tatu baadaye mnunuzi akatuma video. Jirani aliniita juu ya ukuta tuitazame pamoja kwenye simu yake. Cutlass ilikuwa imeoshwa, imesimama chini ya mnazi. Pampu ya hewa haikuwepo tena. Katalitiki imeng'olewa, mahali pake pamepita mabomba mawili mapya yanayong'aa hadi nyuma. Yule bwana akakanyaga mafuta.

"Sikiza hiyo sauti," jirani akasema, akairudisha video mwanzo.